Sifa za Ndala Isiyo na Mwenzake

Washairi wetu wamesifu lulu, wamesifu dhahabu, wamesifu macho ya mpenzi hadi macho yenyewe yamechoka. Ndala hakuna aliyeikumbuka. Mimi ninalea wavulana wawili, mkubwa yuko darasa la pili na mdogo chekechea, na sijapata kuziona ndala zao zikiwa jozi baada ya saa nne asubuhi. Basi deni hilo nalilipa mimi: naisifu ndala ya bluu, ya mguu wa kushoto, iliyoachwa peke yake barazani.

Anayedhani ndala ni kiatu hajakaa na watoto. Kuvaliwa ni kibarua chake cha ziada, tena hata hicho hukifanya kwa masharti ya mwenyewe. Mdogo huvaa ya kulia mguu wa kushoto, na ukimrekebisha anazibadili tena, akidai miguu ndiyo iliyokosea.

Kazi yake hasa huanza jioni. Ndala mbili, moja ya kila mtoto, husimama kuwa nguzo za goli, na mbili zilizobaki kipa huzivaa mikononi zikawa glovu. Watoto wawili, ndala nne, na hakuna mguu uliovishwa. Safura, yule mnyoo anayetoboa ngozi ya unyayo na kuingia mwilini, anasubiri mchangani bila kizuizi, huku kinga yake iko golini inatazama mpira wa makaratasi. Goli lenyewe halina mwamba wa juu, kwa hiyo kila shuti kali ni kesi. "Limepita juu!" "Limeingia, we ulikuwa umelala!" Kaka mtu hushinda kwa sauti. Mdogo akiona haki imepotea, hana maneno mengi: hung'oa nguzo iliyo yake, akaenda nayo nyumbani. Mechi imekwisha. Sijui mahakama gani hutoa hukumu upesi kiasi hicho, na bila wakili.

Tena ndala haijui kustaafu. Kamba ikichomoka, msumari unapitishwa chini ya soli na safari inaendelea. Ikishindikana kabisa inapandishwa cheo: wembe unakata miduara, na soli inakuwa magurudumu ya gari la waya. Mkubwa wangu, fundi asiye na subira, aliwahi kuipandisha cheo ndala nzima, mpya, ya mama yake. Alipoitwa ajieleze alisema, "Mama, mbona ile nyingine bado ipo?"

Mama yake hakujibu. Ile nyingine ndiyo iliyojibu. Ilimpita sikioni ikaangusha sufuria la maharage, na gari, nalikiri hadharani, lilikuwa linakwenda vizuri sana.

Ukiitupa baharini haizami. Inaelea, inatembea pwani za watu bila pasi ya kusafiria. Huko Lamu fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika vipande vya ndala zipatazo 30,000. Lilishushwa majini 2018, likaitwa Flipflopi, na mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga hadi Zanzibar kuwaonya watu juu ya taka za plastiki baharini. Onyo ni la haki, wala silipingi. Ila nilipoliona kwenye picha, lina rangi zote kama kanga za harusini, nilijikuta naangalia zile za bluu. Katika elfu thelathini, za kushoto ni ngapi? Nina mashaka na tatu au nne.

Na nani mwingine humpa mama wa nyumba taarifa za kweli kuliko ndala? Mtoto ukimuuliza "Mko wangapi humo ndani?" atakujibu "Wawili tu." Usibishane naye. Chungulia mlangoni kabla hujasonga ugali. Ukikuta ndala saba, ongeza maji na unga, watoto wa jirani wamekwisha kunawa. Wala usihangaike kuuliza hiyo ya saba imekujaje bila mwenzake. Mwenyewe yumo ndani, anasubiri mboga.