Jinsi ya Kuegesha Gari Syokimau Bila Kumharibia Mtu Siku

Nafasi ya gari kwenye kituo cha treni cha Syokimau hutafutwa usiku, kabla hujalala. Jaza mafuta jioni, jua funguo ziko wapi, egesha nyumbani gari likiwa limeelekea lango. Ukianza kupekua mifuko ya koti alfajiri, nafasi yako tayari imechukuliwa na mama wa Katani aliyewatangulia jogoo, na ni haki yake.

Kituo hiki kilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, kwa nia ambayo mimi bado naiona njema: uliache gari huku nje ya jiji la Nairobi, upande treni, Barabara ya Mombasa uwaachie wenye malori. Na Nairobi si ngeni katika mambo ya kuegesha. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa mwaka 1899, wajenzi walihitaji ardhi tambarare yenye maji, pa kuweka vichwa vya treni na karakana kabla ya kuanza kupanda kuelekea Limuru na Bonde la Ufa. Mji ukaota kando ya mabehewa yaliyoegeshwa. Kwa hiyo unapouzunguka uwanja mara ya tatu ukitafuta pa kuingia, shughuli unayoifanya ndiyo iliyouzaa mji.

Ukifika langoni, msalimie soja. Yeye ndiye anayejua gari gani hutoka mapema na pembe gani hufurika maji.

"Habari ya asubuhi, boss? Kuna mahali?"

"Pale kwa ukuta, mkubwa. Lakini pamebana."

Atasimama nyuma yako akupigie kofi buti ya gari: "Kuja, kuja, kuja. Kata yote. Nyoosha. Wacha hapo." Hilo "wacha hapo" litii. Wapo madereva wanaolichukua kama mwanzo wa mazungumzo. Hushuka, hutazama, hurudi ndani, husogeza tena na tena hadi gari moja limelalia nafasi mbili, kisha huondoka wakibonyeza rimoti bila kugeuka. Hao nawakasirikia waziwazi. Kila asubuhi kuna mtu anayerudi barabarani kupambana na msongamano kwa sababu mwenzake hakutaka mlango wake uguswe.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kituo cha treni kinapotofautiana na maegesho mengine yote. Ukimzibia mtu njia kwenye duka kubwa, namba ya gari lako itatangazwa kwa kipaza sauti nawe utatoka mbio na toroli. Ukimzibia mtu Syokimau, uko katikati ya jiji, ghorofani, kwenye mkutano, na treni ya kukurudisha ni ya jioni. Karatasi yenye namba ya simu kwenye dashibodi ni ustaarabu, lakini simu haisukumi gari. Mzazi aliyepigiwa na shule adhuhuri kwamba mtoto ana homa atarudi kwa matatu, atalikuta gari lako limekaa nyuma ya lake, atakupigia, nawe utamwambia pole. Pole hiyo haimpeleki mtoto hospitali.

Kuna wajanja wanaotafuta gari lenye vumbi la siku tatu kwenye kioo na kuegesha nyuma yake. Hesabu yao ni kwamba mwenyewe yuko Mombasa. Pengine ni kweli: kituo kikuu cha Madaraka Express, treni ya kwenda Mombasa iliyoanza kubeba abiria Juni 2017, kiko papo hapo jirani. Lakini anayekwenda Mombasa hurudi, na hakutumii ratiba yake. Atateremka mchana na masanduku, watoto wamechoka, na gari lake limefungiwa na mtu asiyemjua.

Chagua kivuli cha alasiri, si cha asubuhi. Wengi hukimbilia kivuli wanachokiona wakifika, nacho huwahama jua likivuka utosi. Egesha upande wa mashariki wa mti au ukuta. Asubuhi gari litaota jua bila mtu ndani, na jioni utashika usukani usiounguza.

Kabla hujakimbilia treni, geuka utazame taa. Kama ulifika gizani, zilikuwa zinawaka. Ukizisahau, zitawaka mchana kutwa hadi betri ife, na jioni utakuwa ukigonga vioo vya watu wenye njaa ukiuliza nani ana nyaya za kujampu.

Kando ya barabara usiegeshe wakati wa mvua za masika. Udongo mweusi wa tambarare za Athi ukikauka ni mgumu kama sakafu, na ndivyo unavyomdanganya mgeni. Mvua ya saa moja inatosha kuufanya ulimeze gurudumu hadi kwenye ekseli.

Jioni treni humwaga watu wote kwa pamoja, na lango ni lile lile. Toka kwa zamu: gari la safu hii, kisha la safu ile. Anayepiga honi nyuma yako mwache apige.

Na kama unakaa mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, liache gari nyumbani. Nalisema nikijua ninachokuomba, maana anayetembea alfajiri hugawana ukingo wa lami na bodaboda na malori ya mchanga, bila taa wala njia yake. Hilo si kosa lake, na wenye mamlaka wanapaswa kuambiwa hivyo kila wanapotaja kupanua uwanja wa magari. Watengeneze kwanza njia ya miguu kutoka mitaani hadi langoni, waweke taa, na vyuma vya kufungia baiskeli mahali soja anapoweza kuviona. Nafasi ya gari moja inatosha baiskeli kumi.