Wasomaji Tele

Siku hizi mjini kila mtu msomaji. Tangu Abdulrazak Gurnah atwae Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, waliokuwa hawamjui hata kwa jina wamekuwa wakimwita "mwandishi wetu". Ukiwauliza wamesoma kipi, wanakujibu: "Nobel." Ida Hadjivayanis akawatafsiria riwaya ya Gurnah, Paradise, ikawa Peponi, kisingizio cha Kiingereza kikafa. Sasa kisingizio ni bei. Hela hiyohiyo jioni inalipia king'amuzi, na chenji inaishia banda la gemu, ambako baba mzima mwenye kitambi anagombana na mtoto wa darasa la sita nani achukue Barcelona.

Wapo wajanja zaidi. Wametazama Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji, basi na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyoizaa wameimaliza humohumo. "Kitabu kizuri," wanakuambia, "ila sauti ilikuwa ndogo kidogo."

Lakini kiboko ni waandishi wenyewe. Hao hawasomi kabisa, eti wasije wakaambukizwa mtindo wa mtu. Riwaya zao ziko WhatsApp: tajiri kijana, mama mkwe mchawi, na binti anayezimia mwisho wa kila sehemu. Ukitaka kujua kama amezinduka, tuma hela kwanza. Binti wa watu kalala sakafuni tangu Ramadhani. Msomaji hajalipa, mwandishi hajui kinachofuata, na wote wawili wanasubiri itoke filamu.