Sweta la Baba Mdogo

Anayedhani kufuma ni kazi ya vidole tu hajakaa na mama mdogo wangu kule Njombe. Baridi ya Juni na Julai kule haina utani, na kila mwaka huapa kwamba nyumbani kwake hakuna atakayevaa sweta la mtumba.

Safari hii zamu ikawa ya baba mdogo. Maelekezo yalitoka Marekani, yakitaka sindano namba 8. Mama mdogo akazama kapuni, akaibuka na sindano za Kiingereza alizoachiwa na bibi, nazo zimeandikwa 8. Kazi ikaanza. Kumbe namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na ile ya Uingereza ya zamani ni milimita 4. Tena kwa Waingereza wale, namba ikipanda sindano inakonda.

Maelekezo yalidai vitanzi 18 kwa sentimita 10, kwa hiyo kifua cha sentimita 100 kilitaka vitanzi 180. Sindano za bibi zikabana vitanzi 20 palepale pa 18. Piga hesabu: sweta likatoka na sentimita 90. Sentimita 10 za baba mdogo zikakosa makazi. Kuingia aliingia, maana kitu cha kufumwa huvutika. Kutoka ndiko kulikohitaji vijana wawili.

“Mama watoto,” akasema akihema, “hili ni sweta au bandeji?”

“Pumua kidogo kidogo, baba. Litaachia.”

Halikuachia. Likafumuliwa lote, sindano za milimita 5 zikanunuliwa. Kiwiliwili kikatoka safi, mkono wa kushoto nao ukatoka safi. Ndipo ikajulikana kwamba baba mdogo amemkopesha rafiki yake hela ya ada. Mkono wa kulia ukafumwa wiki ile ya kununiana, uzi unakazwa kila kitanzi hadi sindano zinalia. Sindano zilezile, uzi uleule, idadi ileile ya vitanzi. Mkono ukaishia juu ya kifundo, umebana kama soksi. Sasa baba mdogo hudai madeni yake kwanza, ndipo aulizie sweta.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaanza, fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15. Kifue, kikauke, ukilaze bila kukivuta, kisha hesabu vitanzi vya katikati kwenye sentimita 10. Vikizidi, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua, chukua nyembamba. Vikilingana na maelekezo, usihangaike na namba iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu hakuna aliyeiandika akiujua mkono wako. Na ukigombana na mwenye sweta, weka sindano chini mpaka mpatane.