Mkuyuni Kila Mtu Daktari wa Macho

Jamani, nani kaamua herufi zipunguzwe? Maana mimi kwenye hicho kikao sikuitwa. Zamani gazeti la dukani kwa Mangi nilikuwa nalisoma nikiwa ng'ambo ya barabara, bure, na Mangi ananuna. Siku hizi namba za vocha zimekuwa mayai ya chawa. Tarehe ya mwisho kwenye chupa ya dawa imeandikwa na mtu mwenye kinyongo. Na mimi kazi yangu ni uwakala wa pesa za simu hapa Mkuyuni, Mwanza. Yaani ugali wangu ni namba.

Nikaanza kusoma simu kwa kunyoosha mkono. Mkono ukaisha. Mama watoto akashauri niiweke mezani nirudi nyuma mpaka mlangoni. Yeye alikuwa anacheka, mimi nikaona ni wazo. Laki moja ya mteja nikairusha kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu siku hiyo 6 na 8 zilikuwa zimefanana. Aliyepokea akazima simu. Mteja hakuzima kitu. Alivuta stuli akakaa kibandani kwangu mpaka magharibi, ananitazama, anatafuna karanga.

Daladala nazo zina visa. Mjini nikadandia gari la Kisesa nikijua ni la Buhongwa. Nashtuka tuko Mabatini. Konda ananiuliza, "Mzee, kibao hukukisoma?" Mzee! Abiria wote wakageuka. Nikamwambia nimekisoma vizuri, naenda Igoma kumsalimia mtu. Basi ikabidi niende Igoma. Nimelipa nauli ya kwenda na ya kurudi kwa ajili ya heshima tu.

Tuache hayo. Januari 2024 Wizara ya Afya ikatangaza mlipuko wa macho mekundu. Habari zote zilikuwa za Dar es Salaam. Nikasema hayo mambo ya Dar, wamezidi kushikanashikana. Haukupita muda naamka kope zimegandana, nauliza kama umeme umekatika. Ugonjwa wenyewe ni wa virusi, unapita kwenye mikono na mataulo, na mara nyingi unajiondokea ukinawa vizuri na kuacha kuchangia taulo. Hayo nimeambiwa baadaye. Wakati ule nilikuwa na mtaa mzima wa madaktari.

Bodaboda akasema mkojo. Wako mwenyewe, wa alfajiri. Mama lishe akasema chai ya rangi iliyopoa. Fundi baiskeli akasema chai sawa, ila iwe na sukari. Jirani mwenye kichanga akaniletea maziwa yake kwenye kifuniko cha soda, kakifunika na kisosi, "Pole kaka, dondoshea yakiwa ya moto." Sasa mtu kajikamulia, utakataaje? Kifuniko nikakipokea. Chai nikaipokea. La mkojo tusiliongelee.

Mwisho nikaenda duka la dawa. Kijana hakuniangalia jicho, alikuwa anaangalia mpira kwenye simu. "Macho? Chukua hii." Bwana we! Jioni jicho jeupe kabisa. Nikamsifia mtaa mzima. Tangu hapo kila jicho likiwasha, natia. Na huku kwetu lini jicho haliwashi? Vumbi la barabarani, jua linaloakisi ziwani, moshi wa chipsi. Miezi ikapita, natia tu.

Mama watoto ndiye aliyenikokota hospitali. Foleni ndefu. Mbele yangu kijana wa kidato cha pili, anapimwa kwenye lile bango la herufi E zilizogeuzwageuzwa. Dogo anataja kwa sauti: juu, kulia, chini. Nikakariri yote. Ilipofika zamu yangu binti muuguzi akapindua bango. Sijui nani alimwambia. Nikataja ya dogo hivyo hivyo. Akanitazama kama yule mteja wa laki moja.

Dogo mwenyewe ubao haoni. Binti akamwambia mama yake si jambo geni. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wanafunzi zaidi ya 2,500 wa sekondari za jiji hili hili la Mwanza walipimwa. Tatizo kubwa likawa kutoona mbali, na wengi waliohitaji miwani hawakuwa nayo. Mwalimu anamwita mtoto mzito, kumbe mtoto anaona ubao mweusi na ukungu. Nikarukia hapo hapo, nikasema ndiyo maana hata mimi nilifeli! Binti akauliza nilikuwa nakaa dawati gani. La mbele.

Kumbe herufi hazijapunguzwa. Ukishapita miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa, vya karibu vinakimbia. Dawa yake ni miwani ya kusomea, basi. Nikatoa ya kwangu, niliyonunua kwa machinga kwa kuangalia fremu inayonipendeza. Akasema hata hiyo haidhuru, ila machinga hakuchungulii ndani ya jicho. Nikasema ndani nina dawa yangu. Nikatoa ile chupa kwa majivuno.

Akaisoma. Akamwita daktari. Daktari akaisoma. Wenzangu, watu wawili wakisoma chupa yako bila kuongea, jua umeisha. Ile dawa ina steroidi. Inafuta wekundu haraka, ndiyo ujanja wake. Lakini kama kwenye kioo cha jicho kuna kidonda, wadudu wanapata mwanya wa kula. Na ukiitia muda mrefu bila mtu kukuangalia, inaweza kupandisha presha ya macho na kukuletea mtoto wa jicho. Nikamjibu kwamba presha yangu iko vizuri, nimepima juzi mkononi. Daktari akavuta pumzi.

Presha ya macho ni kitu kingine, na ndiyo yenye roho mbaya. Mara nyingi haiumi. Haiwashi. Inaanza kukumegea kuona kwa pembeni, kidogo kidogo, katikati unaona safi, unajisifu. Mkokoteni ukikugonga ubavuni unamtukana mwenye mkokoteni. Unakuja kushtuka mshipa wa jicho umeshakufa, na ulichopoteza hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki tu. Wenye kisukari nao wana la kwao, sukari inaharibu vijishipa vya nyuma ya jicho, wanatakiwa wachunguzwe kila mwaka hata kama wanaona mpaka Ukerewe.

Daktari akaniuliza, kwenu kuna aliyepofuka? Nikasema baba. Lakini baba alirogwa, hilo linajulikana. Alikuwepo bibi mmoja jirani, macho mekundu, kila mtu alijua ni yeye. Daktari akaacha kuandika. Mnajua huku kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa kosa la macho mekundu. Macho yenyewe yameiva kwa moshi wa mabua na kinyesi cha ng'ombe, miaka yote hiyo wakitupikia sisi. Yule wa kwetu hakuuawa. Tulimnyima salamu, tukamnyima moto, mpaka akahama. Na kumbe presha ya macho inatembea kwenye damu. Nikauliza choo kiko wapi.

Wakanitia dawa ya kupanua mboni wachungulie ndani, nikaambiwa nisubiri ipungue ndipo niondoke. Mimi huyo nje! Jua la Mwanza likanipiga kofi. Mawe yote ya mlima yanawaka. Nikasimamisha daladala. Likasimama. Lilikuwa gari la taka. Nikampungia mama watoto ng'ambo ya barabara. Hakuwa mama watoto, na mumewe alikuwepo.

Majibu: presha ya macho iko juu, mshipa bado mzima, chupa ya dukani marufuku, nimepewa matone ya kila siku. Nikauliza nitamaliza lini. Akasema lini utaacha kula?

Hapo nimewahi, wanasema. Mjomba wangu wa Ukerewe hakuwahi. Aliambiwa na wazee kwamba mtoto wa jicho asubiriwe aive kwanza, akasubiri, mpaka mjukuu akaacha shule amshike fimbo. Hakuna cha kuiva. Akishaanza kukuzuia kufanya kazi zako, anatolewa. Wanaondoa lenzi iliyopata ukungu, wanaweka ya bandia, kazi iliyoanzishwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley. Tulimvusha kwa meli kutoka Nansio, akapasuliwa, kesho yake bandeji ikafunguliwa. Akaniangalia wa kwanza. "Wewe! Mbona umezeeka hivi?" Wodi nzima ikacheka. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana shida ya kuona, na angalau bilioni 1 kati yao shida yao ingezuilika au bado haijashughulikiwa. Sisi ukoo mmoja tumechangia vizuri.

Sasa daktari kanituma. Ndugu zangu wote wa baba mmoja, hasa waliovuka 40, wakapime presha ya macho hata kama hawaumwi. Nikavaa miwani, nikaandika kwenye grupu la ukoo, kwa adabu kabisa: "Ndugu zangu, habari za kazi. Nimetoka hospitali. Daktari amesema jambo hili linatuhusu wote."

Nikawa najipanga kuandika sehemu ya pili. Kaka mkubwa wa Geita akawahi: mwezi huu mambo magumu. Dada wa Misungwi: hajalipwa pamba. Mdogo wetu wa Nyegezi, hapo pua na mdomo, akatoka kwenye grupu. Nikawapigia mmoja mmoja niwaeleze kwamba siombi hata mia, ni macho yao. Wote hawapatikani.