Sikio la Kukatwa

Doberman huzaliwa na masikio yaliyolala, laini kama jani changa la mgomba. Mwenyewe hana neno. Mwenye neno ni bwana wake, anayetaka sura ya kutisha wezi. Basi mtoto wa mbwa, wiki 8 hivi, analazwa kwa dawa ya usingizi, masikio yanapunguzwa, kisha yanafungwa plasta kwa wiki kadhaa, pengine miezi, hadi yakubali kusimama.

Sababu hazikosekani. Zamani ilikuwa adui asipate pa kung'ata. Sawa, ila huyu wa leo analala kwenye kochi na adui wake mkubwa ni mashine ya kufyonza vumbi. Wengine husema ati sikio lililosimama haliugui. Mbona spanieli, mwenye masikio ya kuburuza na yanayougua kwelikweli, hakuna anayemshikia kisu?

Ujerumani, nyumbani kwa Doberman, ilipiga marufuku urembo huu miaka ya 1980. Marekani bado unaendelea, ingawa chama cha madaktari wa mifugo cha huko kinaupinga tangu 2008. Wenye mbwa hawajasikia, na masikio yao wanayo mazima.