Anaogelea Mtoto, Analoa Mzazi

Safu ya Muulize Ami

*Ami, shikamoo. Tumehamia Silver Spring, Maryland, na jirani kaniambia nimwandikishe mwanangu wa miaka saba kwenye timu ya kuogelea ya kiangazi. Naogopa atazama, naogopa gharama, na timu yenyewe sijui ni kitu gani. Nifanyeje? – Mama Roho Juu*

Marahaba, mwanangu. Una bahati. Katika Waswahili wote waliotapakaa Marekani, umemwandikia yule mmoja ambaye maji humpisha. Wazee wa Mji Mkongwe walio hai wanajua. Kabla vijana wa leo hawajaanza kupigwa picha na watalii wakiruka makachu pale Forodhani, nani alikuwa akijirusha kutoka ukutani, kichwa chini miguu juu, muhogo wa kuchoma mkononi, akaibuka na muhogo mkavu? Sitaji jina. Jina liko juu ya safu hii. Na kile kisa cha papa wa Changuu nitakieleza siku nyingine, maana kila nikikileta mhariri hukikata, na mimi namjua kwa wivu.

Haya, atazama? Mtoto asiyejua kuogelea hapelekwi kwenye timu, hupelekwa kwa mwalimu wa kuogelea. Makocha wengi wa timu hizi ni vijana wa chuo waliokulia kwenye bwawa hilohilo; wanajua kunoa, lakini hawana nafasi ya kumshika mtoto tumbo. Timu nyingi hutaka mtoto aweze kuvuka bwawa, mita 25, bila kushika kamba wala ukuta, hata kama atavuka kama paka aliyetumbukia ndooni. Kama hawezi, uliza: klabu nyingi zina kikundi cha wadogo wanaojiandaa. Mimi nina dawa yangu ya asili. Mkalishe mtoto ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu yenye mdalasini, umsomee kwa sauti safu zangu za zamani, kisha umpeleke kwa mwalimu wa kuogelea. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayofanya kazi, lakini mbili za mwanzo ndizo nilizozibuni mimi.

Gharama. Hapa wageni wengi hushtuka, kwa sababu uanachama wa bwawa la mtaa ni malipo yake na ada ya timu ni malipo yake. Mabwawa mengine yana orodha ndefu ya watu wanaongoja uanachama, kwa hiyo ulizia wakati wa theluji, usingoje siku ya kuvaa kaptura. Baada ya hapo ni nguo ya kuogelea, kofia, miwani ya majini, na miwani ya pili kwa ajili ya ile ya kwanza itakayopotea Jumatano.

Msimu ni mfupi. Mazoezi huanza mwishoni mwa Mei, jioni, watoto wakitoka shule. Shule zikifungwa Juni, mazoezi huhamia asubuhi, na Julai ikiisha kila mtu kesharudi kwake. Maji ya Mei, mama, hayaelezeki. Mimi niliyelelewa na Bahari ya Hindi nilitia kidole gumba cha mguu, nikarudi kitini kwa hiari yangu na kwa hadhi yangu yote, nikaagiza chai.

Watoto hugawanywa kwa umri: miaka 8 kushuka, kisha 9 na 10, 11 na 12, 13 na 14, halafu wakubwa wa 15 mpaka 18. Umri huhesabiwa kwa tarehe 1 Juni. Mtoto anayetimiza miaka tisa tarehe 2 Juni ataogelea na wa minane msimu mzima, na mama yake atatembea kidete mpaka Agosti. Usimdharau mwanao wa miaka saba. Kaunti yako hiyohiyo ya Montgomery ndiyo iliyomlea Katie Ledecky. Alianza akiwa na miaka sita kwenye bwawa la mtaa la Palisades, katika ligi hiihii ya timu za kiangazi. Mwaka 2012 huko London, akiwa na miaka 15, akachukua dhahabu ya mita 800 mtindo huru, na mpaka Paris 2024 dhahabu zake za Olimpiki zimefika tisa. Sisemi mimi ndiye niliyemfundisha. Nasema tumewahi kuishi kaunti moja, wenye akili wataunganisha.

Sasa ngoja nikwambie ambalo jirani yako kalificha: anayeandikishwa timu ni wewe. Mashindano makubwa huwa Jumamosi saa tatu asubuhi, na mtoto anatakiwa afike mapema zaidi ili apashe mwili. Ataogelea mara mbili, pengine tatu, kila safari nusu dakika. Muda uliobaki wote atakuwa chini ya hema anacheza karata na kulamba unga mkavu wa jeli kutoka kwenye pakiti mpaka ulimi na vidole viwe vyekundu. Ndiyo, ni desturi yao. Nimejaribu kuwaletea kashata. Kashata zimeliwa, na unga umeendelea. Mkononi atakuwa kaandikwa kwa kalamu isiyofutika namba ya shindano, namba ya kundi na namba ya mstari wake, ili hata akisahau jina lake ajue aingie maji gani. Wengine wakubwa huandikana mgongoni maneno ya kumwalika mpinzani ale mapovu yao. Ukiyakuta kwa mwanao usimpigie simu imamu.

Na wewe? Wewe utakuwa kazini. Mashindano haya hayana waajiriwa. Wazazi ndio wanaopanga watoto kwenye benchi kwa zamu, wanaokagua mitindo, wanaoandika matokeo, wanaobandika tepe za washindi, wanaokaanga soseji. Ukijiandikisha utapewa orodha ya zamu, na familia isiyoshika zamu mara nyingi hutozwa. Chagua mapema, maana wanaochelewa hubakiwa na kukunja mahema.

Nakushauri uombe kupima muda, kazi ya watu wenye roho tulivu kama mimi. Kwangu nimepewa mstari wa nne, ambao kwa kawaida hupewa waogeleaji wenye kasi. Waliopanga wanajua wanampa nani. Sikiliza siri ya fani. Saa huiwashi kwa kusikia mlio wa kuanzia. Huiwasha kwa kuona mwanga wa kifaa cha kuanzishia, kwa sababu mwanga hukufikia kabla ya sauti. Mtoto akikaribia unasogea mpaka ukingoni kabisa, unainama, unaangalia mkono ukigusa ukuta, unabonyeza. Hapo ndipo viatu hulowa, kisha soksi, kisha karatasi. Penye saa tatu kwa mstari mmoja, muda unaohesabiwa ni wa katikati, na mbili zikikubaliana basi zimepita hizo. Kuna Jumamosi saa za wenzangu wawili zilikubaliana na ya kwangu peke yake ikawa sahihi. Nimeiandikia ligi waibadilishe kanuni hiyo. Majibu nayasubiri.

Jambo la mwisho kwako: refa akipiga filimbi ndefu, watoto hupanda juu ya vijukwaa na uwanja mzima hunyamaza mpaka waruke. Vigelegele ni baada ya hapo, na baada ya hapo piga mpaka koo likauke. Mimi kwa ajili ya mjukuu nilikwenda na baragumu. Refa mwenyewe alizunguka bwawa zima kuja kunisalimia, akaliomba alitunze yeye mpaka mwisho wa mashindano. Heshima kama ile sijaipata hata Unguja.

*Ami, kijana wangu wa miaka kumi hawekwi kwenye mashindano ya Jumamosi. Katikati ya wiki wakamweka, akaogelea mtindo wa chura, akawa wa pili, wakamfutia. Nimtoe? – Baba Uchungu, Gaithersburg*

Punguza uchungu, bwana. Jumamosi kila timu huingiza watatu tu katika kila shindano, wale wenye muda bora. Wengine wote, na ndio wengi, wana mashindano yao Jumatano jioni, na huko mpinzani wa mtoto ni muda wake mwenyewe wa wiki iliyopita. Kijana wangu mmoja wa mstari wa nne aliwahi kutoka wa mwisho akirukaruka kwa furaha, kwa sababu kapunguza sekunde mbili. Mimi ndiye niliyemsomea saa. Wengine husema kocha ndiye aliyemfikisha hapo. Maneno ya watu hayo.

Kufutiwa si kosa la jinai. Katika mtindo wa chura na wa kipepeo, mikono yote miwili lazima iguse ukuta kwa pamoja. Mkono mmoja ukitangulia, mkaguzi hunyanyua wake. Kwenye chura pia miguu haipigwi juu na chini kama kwenye mtindo huru, na kwenye mgongo mtoto asigeuke kifudifudi kabla ya kugusa mwisho. Mwulize kocha kosa lilikuwa lipi, maana huandikwa kwenye karatasi. Kisha mfanyie kijana zoezi langu: kila akifungua jokofu afungue kwa mikono miwili, kila akipokea chapati aipokee kwa mikono miwili, na akimwamkia bibi yake vilevile. Wiki mbili tu. Asipopona ukutani, angalau atakuwa kapata adabu. Enzi zetu hakuna aliyefutiwa, kwa kuwa mkaguzi alikuwa mimi.

Usimtoe.

*Ami, binti yangu ana nywele nyingi, kofia haziingii, na mama mkwe anasema klorini itazimaliza. – Mama Mikia*

Mama mkwe ana lake, lakini klorini hukausha kweli. Kabla ya kuingia bwawani azilowanishe nywele kwa maji safi ya bomba mpaka zishibe, kisha mafuta, kisha kofia. Nywele zilizoshiba hazinywi sana ya bwawa. Msuko wa kulala kichwani ni bora kuliko wa kusimama. Kuhusu saizi, kuna kofia kubwa zilizotengenezwa kwa nywele zetu, Soul Cap za Uingereza. Mwaka 2021 wakubwa wa kuogelea wa dunia walizikatalia Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 2022 wakazikubali. Mwonyeshe binti picha ya Simone Manuel, Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kuchukua dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika kuogelea, Rio 2016. Mimi mwenyewe enzi hizo nilikuwa na nywele zilizosimamisha ngalawa, ila leo nimeziachia wengine.

Na mwambie mama mkwe kwamba ile harufu kali ya bwawa si klorini nyingi. Ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo wa watu. Watoto waoge kabla ya kuingia, na wapelekwe msalani kabla…

Ngurumo imepiga. Hapa ngurumo ikisikika kila mtu hutolewa majini, na hakuna anayerudi mpaka zipite dakika 30 tangu ile ya mwisho, nami nimeshikishwa mguu wa hema. Bibi wa Tanga uliyeandika kuhusu mjukuu, barua yako ninayo: ndiyo, mpake mafuta ya kukinga jua hata akiwa mweusi kama mimi, SPF 30 kwenda juu, kila baada ya saa mbili, na akitoka majini mpake tena. Nusu ya pili ya barua imelowa.