Mpanzi Mwenye Bando

Nyasura, pale Bunda, mbegu za Neno siku hizi huwahi kuliko mtama. Jogoo hajawika mara ya pili, simu za wanajumuiya zimeshalia: Zaburi yenye maua, Zaburi yenye njiwa, Zaburi iliyosambazwa mara nyingi. Aliyeituma hajaisoma, amependa maua.

Mpanzi wa Mathayo 13 alipata hasara mara tatu: njiani, penye mwamba, kwenye miiba. Huyu wa sasa hapimi udongo wala hangoji mavuno. Anahesabu tiki za bluu.

Jirani yao wa Butiama alikuwa mzito kidogo. Julius Nyerere, aliyebatizwa Nyegina karibu na Musoma mwaka 1943, alikaa na Injili zote nne, akaongeza na Matendo ya Mitume, akazigeuza mstari kwa mstari kuwa tenzi za Kiswahili zilizochapishwa mwaka 1996. Masikini Mwalimu, angeletewa simu yenye kitufe cha kusambaza angemaliza kabla ya chai.

Ukarimu, hata hivyo, upo. Mwombe mpanzi wetu akuazime Biblia yake ya karatasi: anakupa papo hapo, bila kinyongo, kurasa bado zimegandana.